Bibi Salme wa Unguja: Mali Bila Daftari

Kila mwaka kurasa hizi hujaa insha za ajali barabarani, faida za misitu na hasara za dawa za kulevya. Sizibezi insha hizo, lakini mwaka huu nimeonelea niwaletee maisha ya mtu. Ni mtu aliyekufa zamani, tena mbali sana na hapa Ngao, lakini nikimaliza mtaona kwamba mkasa wake ulipita karibu na mlango wetu.

Mambo yalianza hivi. Siku moja mwalimu wa Kiingereza alitusimulia riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, iliyotolewa mwaka 1925. Ni kisa cha kijana aliyezaliwa katika umaskini, akatajirika kwa njia za panya, akawa na jumba kubwa kando ya maji na kufanya karamu usiku kucha ili tu mwanamke aliyempenda zamani amrudie. Wageni kwa mamia walikula na kunywa kwake. Alipouawa, waliokuja kumzika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha mmoja wetu akasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, ati sisi huku hatuna majumba wala karamu za namna hiyo. Maneno hayo yakamfikia mlezi wa chama cha Kiswahili, naye akatupa kazi: kila mmoja atafute mtu wa pwani yetu ambaye mali ilimlea au yeye aliitafuta mali, kisha mali hiyo ikamgeuka. Wengine wakamchagua Tippu Tip, wengine Sayyid Barghash. Mimi nikamchagua dada yake Barghash, Bibi Salme binti Said.

Nilipoisoma kazi yangu chamani, ubishi ukazuka. Nusu ya wanachama walimwita Salme msaliti aliyeacha kwao akamfuata mgeni, na wakanirushia methali ya mwacha mila ni mtumwa. Nusu nyingine walimwita shujaa aliyejichagulia maisha yake. Nilikuwa nimeanza kufurahia kwamba kazi yangu imewasha moto, mara akasimama mwenzetu mmoja ambaye ukoo wao ulitoka upande wa Witu. Yeye hakuuliza habari za mapenzi wala za dini. Aliuliza jambo moja tu: utajiri wote huo wa Bibi Salme, ni nani aliyeulipia? Nikatafuta jibu katika karatasi zangu, sikulipata. Nilikuwa nimeandika kurasa sita bila kuligusa. Nilirudi nyumbani jioni ile kichwa kikiwa kizito, nikaanza kuandika upya. Haya mnayoyasoma ndiyo maandishi ya pili.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuvieneza visiwa vile kwa mikarafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa utotoni katika vita, akauzwa, na hatimaye akaingia katika nyumba ya Sayyid akiwa suria. Hebu lishike hilo, ndugu msomaji, maana mimi mara ya kwanza nililipita kama gari lililokosa breki: mama wa binti mfalme alikuwa mwenyewe ni mtu aliyenunuliwa.

Jumba la Mtoni lilipata jina lake kutokana na kijito kilichopita pale kikiingia baharini. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe, watu walioishi humo walikuwa kama elfu moja. Mlikuwa na ua mpana ambamo tausi, paa, bata bukini, mbuni na korongo walitembea watakavyo, na watoto wakiwakimbiza na kukimbizwa. Mlikuwa na mabafu mengi ya kuogea, michungwa, na roshani kubwa iliyotazama bahari, mahali ambapo Sayyid alipenda kutembea huku na huku akiwa peke yake na mawazo yake. Watoto walivalishwa dhahabu na vito, wakafunzwa Kurani na kupanda farasi. Sayyid alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, na Salme alikuwa miongoni mwa wale wa mwisho mwisho.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, yeye na mama yake walihamia mjini kukaa na kaka yake Majid aliyekuwa amepewa nyumba yake mwenyewe. Nyumba hiyo iliitwa Bait al-Watoro. Kila mtu anayesema Kiswahili anajua mtoro ni nani. Salme aliililia Mtoni, akaiona nyumba mpya kuwa finyu na yenye kiza. Lakini Majid alimpenda, akampa uhuru ambao wasichana wengi hawakupewa. Alijifunza kulenga shabaha kwa bunduki. Tena akafanya jambo jingine kwa siri: alijifunza kuandika. Siku zile mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika ilikuwa mwiko. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia uliotumiwa kama ubao, akawa ananakili herufi kutoka msahafuni. Baadaye, kama anavyosimulia mwenyewe, aliomba msaada wa mtumwa mmoja aliyekuwa na elimu, naye ndiye aliyemnyosha mkono. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaosoma kwa taabu tungempigia makofi msichana huyo. Mimi nampigia. Ila naongeza makofi mengine kwa yule mwalimu wake, ambaye hata jina lake halikutufikia.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifia baharini akirejea kutoka Omani. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa urithi wake: shamba lenye nyumba na pauni 5,429. Hebu fikiria mtoto wa darasa la sita au la saba hapa kwetu aambiwe kwamba shamba zima na watu wanaolilima ni vyake! Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kikamchukua mama yake. Basi akabaki yatima mwenye mali, na yatima mwenye mali hakosi wa kumtafuta.

Aliyemtafuta kwanza alikuwa kaka yake mwingine, Barghash. Baada ya Sayyid kufa, Majid ndiye aliyekalia kiti cha Unguja. Barghash hakuridhika, naye akapanga kumpindua. Alihitaji mtu wa kuandika barua za siri. Nani mwingine ndani ya majumba yale aliyejua kuandika, na ambaye hakuna angemshuku? Salme alikuwa na miaka 15. Dada yake Khole, ambaye alimpenda sana, alikuwa upande wa Barghash, na Salme akafuata. Akaandika barua, akaagiza silaha. Majid, yule kaka aliyemlea, ndiye aliyekuwa akiandikiwa maangamizi.

Uasi ule ulishindwa. Nyumba ya Barghash ilizingirwa, akatoroka amevaa nguo za kike, akajifungia shambani na wafuasi wake. Shamba likashambuliwa, watu wengi wakauawa, na mwisho wanamaji wa Kiingereza wakaingilia kati. Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay uhamishoni. Salme hakuadhibiwa. Majid alimsamehe, na baadaye wakapatana. Hapo sasa ndipo Barghash na Khole walipomkasirikia. Yaani msichana wa watu akawa kwa hawa haminiki, kwa wale msaliti. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi zilikuwa zimevaa dhahabu.

Salme alikwenda kukaa Bububu kando ya bahari, mahali alipopapenda kuliko kwingine kote baada ya Mtoni. Majid akamwomba ampishe balozi wa Uingereza aliyeihitaji nyumba ile, naye akakubali, akarudi mjini. Jirani yake huko mjini alikuwa kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Madari ya nyumba za Unguja yamekaribiana. Mtu akiwa juu ya dari lake huona karamu ya jirani. Mazungumzo yakawa mapenzi, na mapenzi yakawa mimba. Binti wa Sultani, Mwislamu, na Mkristo mgeni asiye mumewe: katika mji ule wa wakati ule jambo hilo lingeweza kumletea kifo. Mwezi wa Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer usiku, kwa msaada wa mke wa balozi wa Uingereza, akaiacha Unguja. Siku hizo ndizo alizokuwa akitimiza miaka 22.

Alifika Aden, akangoja miezi mingi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa huko mwezi wa Desemba. Ruete alimfuata mwaka uliofuata, na tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Wakaelekea Ulaya. Njiani, wakiwa Ufaransa, yule mtoto akafa. Kwa hivyo Salme aliingia Hamburg akiwa na jina geni, dini ngeni, baridi ngeni, na mikono mitupu.

Hamburg walijaliwa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Ruete alikuwa mtu wa kutosha, walikuwa na nyumba nzuri. Salme alijifunza Kijerumani, akajifunza kula kwa kisu na uma, akajifunza kutazamwa na wageni waliokuja kumwona kama kitu cha maonyesho. Kisha Agosti 1870 Ruete akapatwa na ajali akishuka kwenye gari la abiria lililokokotwa na farasi. Akafa baada ya siku chache. Mtoto mdogo alikuwa na miezi minne tu. Na mwaka ule ule Majid naye akafa huko Unguja, na aliyekalia kiti sasa akawa Barghash. Mlango wa nyumbani ukafungwa kwa komeo.

Kuanzia hapo maisha ya Bibi Salme yanakuwa ya kuhama mji mmoja hadi mwingine. Dresden, Rudolstadt, Berlin, Cologne. Yule aliyezaliwa kati ya watumishi mia alikuwa akifundisha Kiarabu ili apate chochote. Alikuwa na tumaini moja tu, kwamba Barghash angemrudishia haki yake katika urithi wa baba na wa ndugu waliokufa. Barghash alisema hapana: aliyetoka katika Uislamu hana mirathi. Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme akafunga safari, akajifunza Kiingereza kidogo, akaenda London kumwona kaka yake. Huko, kama alivyoandika, Sir Bartle Frere, mtu mkubwa wa serikali ya Uingereza, alimtaka asimkaribie Barghash, ili mgeni wao asiudhike, na badala yake watoto wake wangeangaliwa. Akakubali kwa ajili ya watoto. Barghash akaondoka, na ahadi ile nayo ikayeyuka mithili ya barafu juani.

Sasa, ndugu msomaji, njoo nasi huku kwetu, maana hapa ndipo maisha ya Salme yanapokutana na mto Tana.

Wakati Salme anahangaika Ujerumani, huku Witu alikuwako Sultani Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate. Alikuwa amewakimbia watawala wa Unguja akajenga mji wake ndani ya msitu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake, naye akawapokea. Witu ikawa nyumba ya watoro hasa, si ya jina tu kama ile aliyokaa Salme alipokuwa mdogo. Tarehe 8 Aprili 1885 Simba aliwauzia ardhi ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ambao tayari walikuwa wakiujua mto Tana. Mei 27 Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga kwa nguvu zote, maana aliihesabu pwani yote kuwa yake, na bara vilevile Carl Peters alikuwa amekwisha kukusanya mikataba.

Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, akajibu kwa manowari. Tarehe 7 Agosti 1885 zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash. Na katika meli moja iliyofuatana nazo alikuwamo nani? Bibi Salme na watoto wake! Aliambiwa safari ni ya kudai haki yake. Baada ya miaka 19 aliiona tena Unguja, akaona minazi na fukwe, lakini kwanza akiwa amefichwa melini. Kwa nini alichukuliwa? Kwa sababu mtoto wake Rudolph alikuwa raia wa Ujerumani na mjukuu wa Sayyid Said, na mtu akithubutu kumgusa Salme, mizinga ingekuwa na sababu ya kulia. Alikuwa chambo, ingawa chambo hakuambiwa habari za ndoana.

Barghash hakumgusa. Alisalimu amri baada ya siku chache, akakubali kwamba bara na Witu ni za Wajerumani. Wajerumani walipopata walichokitaka, madai ya Salme yakawekwa kando. Aliruhusiwa kushuka pwani, akatembea mitaani, na watu wakamfuata makundi kwa makundi wakimwamkia, licha ya kaka yake kukataza. Lakini Barghash hakumpokea, wala hakumwandikia hata mstari mmoja. Ndugu aliyeandikiwa barua na msichana wa miaka 15 akiwa hatarini, sasa alikuwa na jumba la Bait al-Ajaib alilolijenga mwaka 1883, refu kuliko yote, na ndani yake hamkupatikana kiti kimoja cha dada yake.

Miaka miwili baada ya manowari zile, 1887, wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walianza kazi yao hapa Ngao. Wengi wetu tumepita mbele ya kanisa tangu utotoni bila kujiuliza Wajerumani walifikaje kwenye mto huu. Walipitia mlango ambao mizinga ile iliufungua. Kisha 1890 Ujerumani ikaibadilisha Witu kwa Waingereza katika mkataba wao, kama mtu anavyobadilisha mkungu wa ndizi kwa debe la mpunga, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Waingereza wakauteketeza mji wa Witu kwa moto. Kwa hivyo Witu na Bibi Salme walikuwa kete za bao moja. Wote waliamini kwamba mkubwa wa Berlin ni rafiki yao. Wote wakaachwa.

Mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, Salme alikwenda Unguja mara ya pili, kumwomba Sultani mpya. Hakupata kitu. Hakurudi kukaa Ujerumani ila akahamia nchi za Waarabu, na kuanzia 1892 hadi 1914 aliishi Beirut, mahali ambapo angalau lugha na adhana zilikuwa karibu na zile za utotoni. Uzeeni alirudi kwa watoto wake Ujerumani. Miaka ya 1920 ndipo Zanzibar ilipomkumbuka kwa malipo madogo ya kila mwaka, wakati ambapo hayangeweza kumrudishia chochote. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Katika vitu vyake palikuwa na mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja aliouhifadhi miaka yote. Mchanga ule ukazikwa pamoja naye.

Hapo ndipo niliposimama mara ya kwanza, nikiwa karibu kutokwa na machozi, nikaandika mwisho wa insha. Lakini swali la mwenzetu wa Witu lilikuwa halijajibiwa. Nani aliyeulipia utajiri ule?

Jibu liko, na halihitaji miwani. Karafuu hazichumwi na tausi. Mashamba ya Unguja na Pemba yalilimwa na watu waliotolewa bara kwa minyororo, kutoka pande za Nyasa na kwingineko, wakauzwa sokoni Unguja. Baba yake Salme alitoza ushuru kwa kila mtumwa na kila pembe ya ndovu. Shamba alilorithi Salme akiwa na miaka 12 lilikuja na wafanyakazi ambao hawakuwa na hiari. Tena mali yenyewe haikuwa imara. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Barghash akashurutishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897, na kwenye pwani yetu ya Kenya mpaka 1907.

Je, Salme aliliona hilo? Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutoka nchi za Waarabu na Afrika Mashariki kuandika maisha yao wenyewe. Ni kazi kubwa, na bila hicho tusingejua nusu ya haya. Humo anawasuta Wazungu kwa unafiki wao, kwamba wanalaani utumwa wa kwao Salme huku wafanyakazi wao wenyewe wakiishi kwa dhiki. Hapo anasema kweli. Lakini kisha anautetea utumwa, anadai kwamba watumwa wa Unguja waliishi vyema, na anamsema Mwafrika kwa dharau kana kwamba hawezi kufanya kazi bila kusimamiwa. Mwanamke ambaye mama yake aliuzwa akiwa mtoto! Mwanamke aliyefundishwa kalamu na mtumwa! Kwa sababu ya maneno hayo, kiwanja kimoja mjini Hamburg kilichopewa jina lake mwaka 2019 kiliamuliwa kuondolewa jina hilo mwaka 2020.

Kwa hiyo naona wanachama wa pande zote mbili walikosea, na mimi nikiwa wa kwanza. Walionirushia methali ya mwacha mila ni mtumwa walisahau kwamba watumwa halisi walikuwa wale waliobaki shambani. Waliomwita shujaa walisahau kwamba uhuru aliojitafutia yeye hakuwatakia wengine. Kosa kubwa la Salme, kwa maoni yangu, halikuwa kumpenda Ruete. Alitumia miaka 18 na zaidi kudai mali aliyoamini ni haki yake. Alihesabu mashamba, akahesabu majumba, akahesabu fungu la kila ndugu aliyekufa. Daftari lake lilikuwa na ukurasa wa kudai tu. Ule wa kudaiwa hakuufungua kamwe. Yule Mmarekani wa riwayani naye alikuwa hivyo: alidhani akikusanya vya kutosha, jana itarudi. Haikurudi.

Msidhani namhukumu nikiwa nimekaa juu. Mimi nina miaka 16. Mtu wa kwetu akija kutoka Mombasa au Malindi amevaa viatu vipya na kununulia kila mtu soda, mimi ni wa kwanza kumkaribia, wala simuulizi vimetoka wapi. Tunamsifu tu. Nilipokuwa nikisoma habari za tausi wa Mtoni mara ya kwanza nilitamani niwe mmoja wa watoto wale. Sikutamani hata mara moja kuwa mfua nguo zao. Mwenzetu wa Witu hakuwa na nafasi ya kutamani hivyo, kwa sababu nyumbani kwao wanasimulia kwamba walitoka upande ule mwingine wa ua. Ndiyo sababu yeye aliliona swali ambalo mimi sikuliona katika kurasa sita.

Leo Mtoni ni magofu. Ufalme wa kina Sayyid Said ulipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Sehemu ya Bait al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020. Sisi watu wa mto tunayaelewa mambo haya: Tana ukifura, hauulizi hili ni shamba la nani. Lakini maji yakipungua, huacha udongo mzuri, na anayelima kwa mikono yake hupanda tena. Waliotoroka kwenda Witu hawakubeba dhahabu wala mfuko wa mchanga, na bado wajukuu wa wajukuu zao wanakaa nasi darasani na kutuuliza maswali magumu.

Wasomaji wenzangu, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kidogo: daftari lenyewe liwe na kurasa mbili. Kwa heri hadi mwaka ujao, Mungu akitujalia.